Swala Aliyemfukuza wa Mwisho

Katika sekondari moja ya wanyama, wanafunzi walishindana kuvuka bwawa kwa kuogelea, kisha kuuzunguka mlima mara mbili. Swala hakuvumilia kumwona yeyote mbele yake. Alitoka majini wa kwanza, akamaliza raundi moja peke yake. Ghafla akamwona Nungunungu mbele, anajikokota huku maji yakimtiririka.

"Wewe! Umenipita saa ngapi?"

Nungunungu alishangaa. "Mimi? Hata sijui, ndugu yangu. Kwani nimekupita?"

"Umepita njia ya mkato!" Swala alifoka, akachomoka kwa nguvu zake zote. Hakufika hata nusu ya raundi, akabanwa na misuli, akaanguka.

Mwalimu Korongo akamkimbilia. "Ulikuwa unashindana na nani?"

"Nungunungu. Alikuwa mbele yangu."

"Nungunungu? Yule ndiyo kwanza alikuwa anatoka majini, aanze raundi ya kwanza! Ulishawaacha wote."

Swala akajaribu kusimama, miguu ikakataa. Wenzake wakampita mmoja mmoja. Mwishowe akafika Nungunungu, anahema.

"Swala, hebu nieleweshe," akasema. "Mimi ni wa ngapi?"