Uzi wa Nyuma

Binti yangu alikuwa anafuma utepe wake wa kwanza wa kichwani, mwekundu na mweupe. Kesho yake yeye na wenzake walikuwa wanagoma kiwandani, na kila mgomaji angevaa wa namna hiyo.

Miaka kumi na tisa iliyopita, mdogo wangu alivaa kama huo. Askari waliwachagua wenye tepe, mmoja mmoja, pale langoni mwa kiwanda hicho. Hajarudi mpaka leo. Kiwanda bado kinauza sweta.

"Mama, naenda sawa?"

Nikaugeuza. Uzi mweupe, pale unapopita nyuma ya vitanzi vyekundu, alikuwa ameukaza kama kamba ya mbuzi. Ndilo kosa la kila anayeanza. Utepe wa hivyo hauvutiki, hautapita hata masikioni. Nikinyamaza, kesho atatoka kichwa wazi, na askari hawatamchagua.

Nilingoja moyo uniambie kitu. Haukusema.

"Mbona kimya? Wivu huo, fundi mzee!"

"Fumua mistari minne," nikamwambia. "Uzi wa nyuma uulegeze. Una kichwa kikubwa kama cha mama yako mdogo."

Nikavuta kapu, nikatoa sindano nyingine mbili, nikaanza utepe wangu.