Bwawa Lafunguliwa Tena

Bwawa la mapumziko lilifunguliwa tena siku ya sikukuu, likiwa na uzio mpya, maboya mekundu na boti iliyopakwa rangi. Watu walijaa ukingoni, lakini hakuna aliyethubutu kupanda. Ndipo Mwenyekiti Kilindo akamshika mkono Mwanahija, ambaye bintiye alizama humo.

“Panda wewe, mama. Wakikuona wewe, wataamini.”

Mwanahija alimtazama. Mtu huyu ndiye aliyekataa uzio mwanzoni, eti unaharibu mandhari.

“Nitapanda,” alisema, “ila nimpakate mjukuu wako.”

Kilindo alicheka peke yake, akakosa pa kukwepea. Alimfunga mtoto jaketi la kuokolea.

Walipofika katikati, Mwanahija alimwambia nahodha azime injini. Kilindo akapaza sauti kutoka ukingoni, “Mrudishe! Nasema mrudishe!”

Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, Mwanahija alivuta pumzi ikashuka hadi chini. Mtoto akalalamika kwamba jaketi linambana. Mwanahija akamgeuza aelekee ukingoni, akaanza kulegeza kamba moja baada ya nyingine, polepole, ili babu yake aone vizuri.