Kibubu cha Kindi

Msituni ilipotoka sarafu mpya, Kindi alikosa raha. Kila aliyoipata aliitumbukiza ndani ya kibubu cha udongo alichorithi kwa bibi yake, akiamini siku moja zitakuwa adimu. Leo alikificha shinani, kesho pangoni, usingizi hakuujua.

Alipozeeka alikipeleka kwa Kobe, mnunuzi wa vitu vya kale. Akamwamkia, kisha akakipasua mbele yake.

"Zitazame mwenyewe, mzee. Utanipa kiasi gani?"

"Thamani yake ni ileile, mjukuu wangu. Kila mmoja alizihifadhi." Kobe akaokota kigae, akakigeuzageuza. "Ila kibubu kama hiki nimekitafuta maisha yangu yote. Kila aliyekuwa nacho alikivunja."

Kindi hajatulia mpaka leo. Anaunganisha vigae.