Mshale Ulioinama Mara Mbili

Ghala la pamba lilikuwa likiungua nyuma ya ukuta, na Shaweji, mtu wa pampu, alibaki kwenye gari la zimamoto kama siku zote. Hapo alipo moto hauonekani. Mwanaidi, mgeni kazini, alikuwa ameshabeba mdomo wa mpira wa maji begani.

"Nikifika nitakuambiaje, kaka?"

"Fungua tu maji. Mshale wa presha utaniambia."

Mwanaidi akakata kona, akapotea na mpira wake.

Kombo, aliyebeba mpira huo kabla ya Mwanaidi, hakuwa mtu wa kupiga kelele. Akifika kwenye moto alifungua kidogo, akafunga, halafu akafungua tena, na huku kwenye gari mshale ukainama mara mbili, kama mtu anayeitikia salamu. Ndivyo walivyosemezana miaka yote, mpaka Kombo alipozikwa kabla ya mvua.

Sasa mshale ukainama, ukapanda, ukainama tena.

"Nimekuona, ndugu yangu," Shaweji akanong'ona. Akaongeza maji polepole, taratibu, kwa sababu bega la Kombo lilikuwa bovu, halikutaka kuvutwa na mpira kwa ghafla.

"Kaka Shaweji!" Sauti ya Mwanaidi ilipasua moshi. "Maji hayafiki! Ongeza, nitaungua huku!"

Shaweji aliutazama mshale kidogo tu, kama anayeomba radhi, kisha akausukuma wenzo wa pampu mpaka mwisho. Chini ya mguu wake mpira ukakakamaa, ukajinyanyua kutoka vumbini, ukavuta kwa nguvu kuelekea kule asikokuona.