Heshima ya Igihozo

Siku ya tatu sasa Igihozo alikuwa hamtazami mtu mzima usoni, na mtaa mzima ulikuwa unamsifia heshima. Bibi yake, Mukandutiye, alikosa amani kabisa.

Kabla ya hapo mtoto huyu wa miaka mitano alikuwa na macho makavu kweli kweli. Jumapili alimkodolea macho mgeni wao, mzee Sebagabo, mpaka mzee wa watu akasahau alichokuwa anasimulia. Mukandutiye akaona aibu, akamzaba mtoto kofi. Igihozo akayumba, shavu likagonga pembe ya meza. Hakutoka damu wala hakuvimba. Ila tangu hapo, uso chini.

"Sasa njo mutoto muzuri," Sebagabo alisema alipopita tena.

Sifa hizo zilimchoma Mukandutiye. Alipika mandazi. Aliomba msamaha, jambo ambalo hata marehemu mumewe hakuwahi kulisikia kwake. Jana jioni alisimama mbele ya mtoto akasema, "Niangalie basi, mama." Igihozo akainua macho kidogo tu, akatapika. Bibi akaenda kulia jikoni. Mjukuu wake alikuwa anamwogopa mpaka tumbo linamgeuka!

Asubuhi wakapanda moto, pikipiki ya abiria, kutoka Rugerero hadi hospitali. Kwenye benchi Mukandutiye alikaa, akasimama, akakaa tena. Alipoitwa alimwambia Dokta Cyiza yote, hata kofi, kabla hajaulizwa.

"Mi njo nimemuharibu, Docteur. Amenichukia. Iko dawa ya woga?"

Dokta akamvuta mtoto karibu. Alipapasa taratibu chini ya jicho la kushoto, akachuchumaa, akamshika mtoto kichwa kisisogee. "Fuata kalamu na macho tu, Igihozo. Tunapanda juu, polepole."

Mtoto alijitahidi mpaka jasho likamtoka. Jicho la kulia likapanda na kalamu hadi darini. La kushoto likabaki linatazama sakafu.

"Mufupa ya chini ya jicho imevunjika, imebana nyama ya jicho; akijaribu kuangalia juu, njo anatapika," dokta akamwambia bibi, simu tayari mkononi. "Kwa batoto, inje hauone kitu. Lazima apasuliwe leo."

Mukandutiye akapiga magoti mbele ya mjukuu wake. "Na we mbona hukuniambia?"

"Mi nilikuwa najaribu kukuangalia, Nyogokuru," mtoto akasema. "Kila siku."