Hauko Peke Yako

Uchungu wa tatu ulimkuta Bernadeta juu ya karia ya baiskeli, karibu na josho la ng'ombe. Akashika kiti kwa mikono miwili, akapumua kwa mdomo na kuhesabu hadi ukapita. Mumewe Revocatus, aliyekuwa akiikokota baiskeli, akasimama.

"Turudi nyumbani tu, mke wangu."

"Nyumbani kuna faini."

"Mbuzi tunaye."

"Sukuma baiskeli, Revo."

Sheria ndogo ya kijiji ilikuwa wazi: anayejifungulia nyumbani anatoa mbuzi. Bernadeta mwenyewe aliiunga mkono mkutanoni, tena kwa sauti ya juu. Wala hakuwa akiogopa mbuzi. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa nyumbani, enzi hizo yeye hajui lolote, akazikwa wiki hiyohiyo. Huyu wa pili hakuwa tayari kumpoteza.

Kufika hospitali ya Sengerema kulihitaji pikipiki, na pikipiki zote zilikuwa mnadani; mtoto hakuwa na adabu ya kuuliza tarehe ya mnada. Ikabaki zahanati. Na zahanati ilikuwa fahari ya kijiji: bati jekundu, sakafu ya vigae, kitanda cha kujifungulia ambacho hakijavuliwa nailoni. Wanakijiji walipoomba mhudumu wa pili, wakubwa hawakuwatupa. Waliwaletea bango, kubwa kuliko mlango, lenye picha ya mama anayecheka: JIFUNGULIE ZAHANATI. HAUKO PEKE YAKO.

Chini ya bango foleni ilikuwa imepangwa tangu asubuhi. Mbele kabisa aliketi mwenyekiti wa kijiji, mzee Luhende, aliyekuja kupima presha na sasa anatuliza watu.

"Tuwe na subira. Nesi wetu hajakosa kazini hata siku moja. Juzi aliomba likizo, tukamsihi abaki, akabaki. Moyo wa namna hiyo mtaupata wapi?"

Bernadeta, akishushwa kwenye baiskeli, alikiri kimoyomoyo kwamba mzee hakusema uongo.

Walipomwona, nyuso zikakunjuka. "Afadhali umefika!" akasema mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Foleni nzima ikampisha bila mguno. Watu wa pale wana huruma sana, hasa wakichoka kungoja.

Uchungu wa nne ukamshika mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa. Akauegemea, jasho likimtiririka, mpaka ukapita.

Kisha akafungua fundo la kanga, akatoa ufunguo, akafungua zahanati. Akalitungua koti lake jeupe kwenye msumari, akageuka kuitazama foleni.

"Aliyewahi kuzalisha, hata ng'ombe, anyooshe kidole."

Mwenyekiti, peke yake, akanyoosha.