Shabaha Yangu na Mama Nguruwe

Baada ya kujigamba kijiji kizima, nilipanda dungu la shambani na bunduki usiku kuwinda nguruwe pori, nikaitoboa sufuria yangu mwenyewe ya maharage. Mama Nguruwe alishuhudia.

Usiku uliofuata akawaleta wanawe wenye njaa, wakachimba mihogo katikati ya mwanga wa tochi yangu. Jirani yake, Bi Nungunungu, mwoga kupindukia, alijibanza mbali, gizani kando ya kichuguu.

"Shoga, toka hapo! Utawamaliza watoto!"

Nikamlenga Mama Nguruwe barabara, nikafyatua. Kule kichuguuni miiba mitatu ikanyofoka.

"Yarabi! Nimejificha mimi, wewe uko mwangani, mbona nimepigwa mimi?" Bi Nungunungu akalia.

Mama Nguruwe akameza muhogo kwanza.

"Nawe shoga, kwa bwana yule hakuna kujificha. Simama pale anapolenga."